Kadi ya Tarehe Sita Mei

Kazini walimwita Bwana Tarehe, na jina hilo halikumchukiza hata kidogo. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa moja tu, kuandika dakika nne za kipindi cha redio kilichoitwa "Siku Kama Leo", kinachosomwa kila asubuhi saa moja kasorobo, baada ya hali ya hewa na kabla ya matangazo ya vifo. Mfalme fulani alivikwa taji, daraja fulani lilifunguliwa, meli fulani ilizama, vita fulani vilikwisha. Yote hayo yalikusanywa kwa sababu yalitokea tarehe moja, hata kama kati ya hili na lile ipo miaka mia tatu na bahari mbili. Wasikilizaji walikipenda mno. Wapo waliosema hawawezi kunywa chai kabla hawajajua nani alikufa siku hiyo, na huo ndio ubinadamu wetu, tusijisingizie mwingine.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ubavuni mwa choo, na dirisha hakikuwa nalo. Ndani mlikuwa na meza, kiti chenye mto wa sponji uliobonyea, na makabati manne ya chuma yenye droo ndefu. Humo drooni ndimo alimokaa yeye hasa. Kila siku ya mwaka ilikuwa na kipande chake cha karatasi ngumu kilichosimama kama mlango, na nyuma ya mlango huo zimepangwa kadi, kila tukio kadi yake. Mbele aliandika habari yenyewe kwa herufi za kulala, nyuma akaandika alikoitoa: gazeti gani, la siku gani, ukurasa wa ngapi. Kompyuta ilipoletwa alipiga chapa kila kitu kama alivyoamriwa, ila moyo wake ulibaki kwenye kadi. Alisema kompyuta husahau kwa kuguswa kidole kimoja, lakini kadi, ili ipotee, lazima mtu aibebe na miguu yake.

Na alikuwa na kiburi, tusimfiche. Aliweza kukuweka nusu saa mlangoni akikueleza kwamba ile meli kubwa iligonga barafu tarehe kumi na nne Aprili lakini ikazama tarehe kumi na tano, na kwamba anayesema ilizama kumi na nne ni mtu wa kusikia tu. Au kwamba mtu wa kwanza alipokanyaga mwezi, huko kwao waliomrusha ilikuwa bado tarehe ishirini Julai usiku, kumbe huku kwetu kumekwisha kucha tarehe ishirini na moja. "Siku si kitu cha kukisia," alikuwa akisema huku ameinua kidole. Mkewe alimsikia akisema hivyo mbele ya wageni mara isiyo na hesabu, na kila mara alimjibu vilevile.

"Huyu baba watoto anajua mpaka siku walizozaliwa maadui wa watu," aliwaambia wageni. "Ila siku aliyonioa mimi, mpaka leo anabahatisha."

"Gazeti gani liliiandika?" alijitetea, na watu wakacheka.

Kazi alifundishwa na mzee mmoja mwenye kikohozi, aliyekaa naye wiki tatu kisha akastaafu na kikohozi chake. Mzee yule alimwachia kanuni moja tu. Gazeti la leo, alimwambia, ni habari za jana. Kwa hiyo ukichukua tarehe iliyo juu ya gazeti, toa moja. Bwana Tarehe akaishika kanuni hiyo kama mtu anavyoshika ufunguo wa nyumba. Maelfu ya kadi aliziandika kwa kutoa moja, na hakuna aliyewahi kumrudishia hata kadi moja.

Hakuna, mpaka asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa amebakiza miezi tisa astaafu.

Walikuja wawili. Mmoja bibi kizee mwembamba, macho yote mawili yameingia ukungu mweupe, mwingine binti yake, mwanamke wa makamo aliyemwongoza kwa kumshika kiwiko. Mtu wa mapokezi alikuwa amejaribu kuwafukuza kwa adabu, ikashindikana.

"Shikamoo baba," alisema binti. "Utusamehe kwa usumbufu. Mama amekataa kutulia. Kila siku ni hilohilo."

"Marahaba. Karibuni, kaeni." Akampisha bibi kile kiti chake cha sponji.

Bibi hakukaa. Aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. "Wewe ndiye unayeandika siku za watu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Basi nimefika. Umemuua mwanangu siku moja kabla hajafa."

Bwana Tarehe akatabasamu lile tabasamu alilowawekea wenye malalamiko, japo anayetabasamiwa hakuliona. Akauliza mambo taratibu, na taratibu akaelewa. Bibi alikuwa mama wa mmoja wa wafanyakazi thelathini na mmoja wa machimbo ya chokaa. Habari hiyo aliijua kwa moyo, maana aliisomesha redioni kila mwaka tarehe sita Mei: siku kama leo, saa tatu asubuhi, shimo namba nne liliporomoka na kuwafukia wote waliokuwamo.

Bibi akaingiza mkono kifuani akatoa mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nyingi. Ndani ya mfuko mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa kadi ya kliniki ya macho, imechakaa mpaka imekuwa laini. Muhuri wake ulikuwa bado unasomeka: tarehe sita Mei, mwaka uleule wa machimbo. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, saa tatu asubuhi.

"Siku hiyo walinifunga bandeji jicho hili," alisema bibi. "Hili lingine lilikuwa limekufa zamani. Kwa hiyo nilikuwa kipofu siku hiyo kama nilivyo leo. Mwanangu alikuwa na siku yake ya mapumziko. Alinishika mkono tangu mlango wa daktari mpaka mlango wangu. Njiani ananitania, 'Mama, inua miguu bwana, watu watasema nimekuiba.' Kesho yake ndiyo akaenda kazini. Sasa redio yako kila mwaka inaniambia kwamba saa tatu asubuhi tarehe sita mwanangu alikuwa chini ya mawe. Nakuuliza wewe unayejua. Saa tatu ile, nani alinishika mkono?"

"Mama, tumeshaongea," binti aliingilia kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Labda alikuwa yule jirani wa zamani. Alikuwa akikusaidia sana."

"Wewe ulikuwa shule ya bweni. Utajua nini?" Kisha akamgeukia tena mwenye chumba. "Baba, mimi nimezeeka. Siku zangu nyingine zote zimeshanitoka, sizidai. Nimebaki na ile moja. Na hiyo nayo naona inaanza kuniponyoka, maana kila mwaka mnanipigia kelele kwamba haikuwapo. Niangalizie."

Bwana Tarehe akamwahidi. Akawasindikiza mpaka lango la nje, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba maskini, uzee umemchanganya.

Aliporudi alivuta droo ya Mei akaitoa kadi. Mwandiko ulikuwa wake, lakini wa zamani, wa kijana anayetaka kusifiwa. Alikuwa ameiandika mwezi wa pili tangu aanze kazi, akinakili magazeti ya miaka ya nyuma. Akaigeuza. Nyuma paliandikwa: G.J., 7 Mei, uk. 1.

Akaisoma mara ya pili. G.J. lilikuwa Gazeti la Jioni. Lilikuwa gazeti dogo la kurasa nane, lililokufa kabla ya mwaka ule wa ajali kwisha, ndiyo maana hakuwahi kukutana nalo tena katika kadi zake. Lilichapwa saa nane mchana na kuuzwa saa kumi, na habari zake hazikuwa za jana. Zilikuwa za leo.

Akashuka ghala la chini, kwenye marundo ya magazeti yaliyofungwa kwa kamba. Lile la tarehe saba Mei lilikuwapo, rangi ya chai, limeliwa pembe na mende. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: LEO ASUBUHI SAA TATU. Miaka ishirini na sita amewasahihisha watu habari ya meli na mwezi, na yeye mwenyewe, kwa kutoa moja mahali pasipotolewa kitu, amechukua siku ya mwisho ya watu thelathini na mmoja. Aliona aibu, aibu ile ya kuungua masikio, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi, huzuni iliyokosa pa kukaa.

Mtu atauliza, ilikuwaje asijitokeze mwingine wa kusema? Lakini wafanyakazi wale walikuwa watu wa kuja, kila mmoja na kwao. Kuchimbua miili kulichukua siku nne, na wengine hawakupatikana kabisa. Kwa familia, siku hizo nne ziligeuka usiku mmoja mrefu, na hakuna aliyeshika ni ipi ilikuwa ya kwanza. Kampuni ikafunga shughuli na kuondoka na vitabu vyake. Waliobaki walisikia redio ikisema tarehe sita, mwaka huu, mwaka kesho, na kesho kutwa, wakasema basi ni sita. Wakaanza kukusanyika pale machimboni tarehe sita. Na mwaka huu halmashauri ilikuwa imejenga ukuta wa kumbukumbu, majina yote thelathini na moja yamechongwa juu ya jiwe, na juu ya majina, tarehe. Ungezinduliwa Mei sita, na mgeni rasmi alikuwa ameshaalikwa.

Jioni alimweleza mkewe. Chakula kilipoa mbele yake.

"Sasa si useme umekosea?" mkewe alimwambia. "Watu hukosea."

"Mimi sijawahi."

"Umewahi. Ila hukuambiwa." Hakuwa akimtania safari hii. Alimsogezea sahani. "Kula, kesho ukaseme."

Mkuu wa vipindi alikuwa mwanamke mchapakazi, mwenye simu mbili na subira nusu. Si mtu mbaya. Tungempenda kama tungekutana naye harusini. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaliangalia gazeti, akaiangalia kadi, kisha akavua miwani.

"Mzee, nakuelewa. Lakini unajua unaniomba nini? Ukuta umeshachongwa. Watu wamezoea. Wajane wanakuja na maua yao tarehe sita. Nikawaambie wamekuwa wakilia siku isiyo yake?"

"Ndivyo ilivyo, mkuu."

"Kwa ajili ya bibi mmoja?"

"Ndiye peke yake anayekumbuka."

"Basi anakumbuka peke yake. Achana na jambo hili mzee wangu, umebakiza miezi michache. Usijiharibie."

Alitoka na gazeti lake kwapani. Wiki tano zilizofuata hakusema kitu. Alipiga moyo konde akaandika kadi mpya kwa herufi zake za kulala, nyuma akaweka chanzo na neno moja la nyongeza, jioni, akalipigia mstari. Kadi ya zamani akaitia mfukoni. Kadi mpya akaisimamisha nyuma ya mlango wa tarehe saba.

Mei sita asubuhi mtangazaji alisoma habari ya mlipuko wa mlima na ya mashindano ya baiskeli, akapita. Kabla ya saa mbili simu za kituo zilikuwa zikiita pamoja. Mmewasahau watu wetu. Mnawadharau kwa kuwa walikuwa vibarua. Huko machimboni mgeni rasmi aliuliza mbele ya vipaza sauti kwa nini redio imekaa kimya siku kubwa kama hii. Mkuu wa vipindi alikuwa huko huko uwanjani, amekaa mstari wa mbele, uso umemshuka.

Mei saba, kabla mkuu wa vipindi hajarudi kutoka machimboni, mtangazaji akaichukua karatasi mezani akasoma alichoandikiwa, kama alivyosoma siku zote bila kuuliza: siku kama leo, saa tatu asubuhi, shimo namba nne. Bwana Tarehe alisikiliza akiwa amesimama kando ya kabati. Saa mbili unusu simu yake ikaita. Alikuwa binti wa bibi.

"Baba, mama amesikia!" Sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa, kama si yule aliyechoka. "Amelia, kisha amecheka, kisha ameomba chai. Amewaita majirani wote anawaambia, 'Mmeona? Mliniambia nimechanganyikiwa.' Mimi mwenyewe nimemwomba msamaha. Mungu akubariki baba."

Siku ile Bwana Tarehe alirudi nyumbani kwa miguu, na mkewe alimsikia akipiga mluzi langoni. Furaha hiyo ilimkaa saa ishirini na nne, na si haba, kwani hakupata nyingine.

Mei nane, saa moja kasorobo, alikuwa akifunga kamba za viatu. Mtangazaji alianza kwa sauti ya msiba. Kituo kinawaomba radhi wasikilizaji wake wote, na hasa familia za marehemu, kwa kosa lililofanyika jana la kutangaza kwamba ajali ya machimbo ilitokea tarehe saba Mei. Ajali hiyo, kama tulivyokuwa tukiwajulisha miaka yote, ilitokea tarehe sita. Kosa hilo halitarudiwa.

Kosa hilo halitarudiwa! Mkewe aliizima redio, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Mezani kazini alikuta barua ya kumtaka akapumzike nyumbani mpaka siku yake ya kustaafu. Haikuwa na neno hata moja la ukali. Funguo za makabati alizikabidhi, na alipochungulia droo kwa mara ya mwisho, ile kadi ya tarehe saba haikuwamo.

Ilimchukua siku tisa kupata ujasiri wa kwenda kwa bibi. Alinyoosha shati mwenyewe, akakunja lile gazeti la rangi ya chai ndani ya bahasha kubwa, akashika njia. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili nyuma ya gereji, uani mna ndoo na kamba ya nguo. Binti alimpokea mlangoni, na ile sauti ya zamani ilikuwa imemrudia.

"Tangu ile siku hasemi tena habari hiyo," alimnong'oneza. "Ile kadi ya kliniki alinipa nikatupe. Nilimwambia, mama, iweke tu. Akasema ya nini."

"Ukatupa?"

Binti aliinamisha kichwa. "Alinisimamia mpaka nikafanya."

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, redio ndogo imezimwa kando yake. Aliijua sauti ya mgeni mara moja, akamkaribisha, akamwulizia hali ya mkewe na watoto. Alikuwa mpole mno. Bwana Tarehe angependa kama angetukanwa.

"Mama, nimekuletea gazeti lenyewe," alisema. "La siku ileile. Nitakusomea."

"Soma, baba."

Akasoma. Alisoma polepole, kila neno, tarehe iliyo juu, leo asubuhi saa tatu, majina yaliyojulikana mpaka wakati wa gazeti kwenda mitamboni, na jina la mwanawe la nne kwenye orodha. Bibi alisikiliza ameinamisha kichwa. Gazeti lilipokwisha, alimgeuzia uso.

"Unasoma vizuri," alisema. "Lakini si wenyewe wamesema wamekosea? Nimewasikia kwa masikio yangu."

"Mama, aliyekosea ni mimi. Miaka yote hii, ni mimi. Mwanao alikuwa hai tarehe sita. Alikuwa na wewe."

"Usijiumize, baba. Umenihurumia, nimeona. Mungu atakulipa kwa huruma yako." Akainuka, akapapasa hewani. "Nipeleke nje kidogo, humu mna joto."

Akampa mkono. Mkono wa bibi ulikuwa mkavu na mwepesi, na ulimshika kwa nguvu kuliko alivyotazamia. Wakavuka kizingiti, akamwambia mama inua mguu, na aliposema hivyo bibi akasimama ghafla pale uani, katikati ya ndoo, uso wake umegeukia jua.

Bwana Tarehe akangoja. Akadhani siku ile imemrudia.

"Yule wa siku ile naye alinishika hivihivi," bibi alisema. "Njia yote, na wala hakuwa na haraka. Tena mcheshi. Sijui alikuwa nani maskini, mtu wa watu huyo, na mimi kwa uchungu wa jicho hata jina sikumuuliza." Akatikisa kichwa polepole. "Wala asante sikumwambia."